Jicho Nyuma ya Wimbo: Watayarishaji wa Video za Muziki katika Nyanda za Juu Kusini

Macho hayana pazia, walinena wahenga, na labda hapana fani iliyofaidika na ukweli huo kuliko fani ya video za muziki. Zamani wimbo ulikuwa mali ya sikio. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi santuri, sauti yake ilirudi Unguja na kuenea pwani nzima bila ya uso wake kufuatana nayo. Aliyeisikiliza kwenye gramafoni, awe Tanga au Lamu, alimchora mwimbaji kwa wino wa fikra zake mwenyewe. Hivi leo kitenzi kimebadilika. Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, humuuliza mwenzake, "Umeuona wimbo mpya wa fulani?" naye aulizwaye hashangai, kwani kwake yeye wimbo usioonekana ni wimbo ambao haujatoka bado.

Baina ya kusikia na kuona pana mtu. Mitaani huitwa dairekta, kwa sababu jina la prodyuza lilikwisha kuchukuliwa na yule wa studio ya sauti. Lakini kazi ya mtu huyu ni pana kuliko jina lake. Yeye hutafuta mahali, hupanga siku, hushika kamera, huhariri, hutia rangi, na aghalabu ndiye anayelipa nauli ya mcheza ngoma aliyesahauliwa katika hesabu. Katika lugha ya vitabu huyo ni mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha na mhariri kwa pamoja. Jina lake huonekana kwa sekunde mbili pembeni mwa kioo, kisha hufifia. Makala haya yanamhusu yeye, na hasa yule anayefanya kazi hiyo mbali na Dar es Salaam, katika miji ya Mbeya na Iringa.

Mpenzi wa mashairi aliyezaliwa kwenye joto la pwani atauliza miji hiyo inahusiana nini na mambo haya. Jibu ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zimekuwa na waimbaji tangu zamani, lakini picha ilichelewa kupanda mlima. Wahehe wana ligombo, zeze lao la nyuzi nyingi lililozoea kubeba sifa za mababu na visa vya vita. Wanyakyusa wana ngoma zao, na ziko kwaya zilizoota mizizi tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891. Katika miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa, Tancut Almasi Orchestra, iliyolelewa na kiwanda cha kukata almasi, na ndani yake waliimba ndugu pacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Nyimbo zao zilichezwa nchi nzima kwa hisani ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Hata hivyo, mtu wa Kigoma au wa Lindi aliyezijua nyimbo hizo kwa moyo hakuwahi kuwaona pacha wale kwenye kioo, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kioo. Zanzibar ilipata televisheni yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Hivyo basi kizazi kizima cha wanamuziki wa bara kilipita kikiacha sauti bila ya sura. Maiki ya redio iliwahifadhi; kamera haikuwahi.

Hasara hii ndiyo inayompa mtayarishaji wa leo uzito asioujua mwenyewe. Yeye anadhani anatengeneza tangazo la wimbo. Kwa kweli anaweka kumbukumbu, na mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee.

Muziki wa kizazi kipya ulipozuka, Mbeya haikuwa nyuma. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwanza kwa jina la 2 Proud, kisha Mr. II, na hatimaye Sugu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuthibitishia umma kwamba mistari ya kufoka inaweza kuimbwa kwa Kiswahili na ikauzwa. Baadaye watu wa Mbeya Mjini walimpeleka Bungeni, akawa mbunge wao tangu mwaka 2010 hadi 2020. Baada yake alikuja Izzo Bizness, aliyelitaja jiji lake kila alipopata nafasi. Kisha akaja Rayvanny, ambaye jina lake halisi ni Raymond Mwakyusa, aliyezaliwa Mbeya mwaka 1993, akatoa wimbo "Kwetu" mwaka 2016, akapata tuzo ya BET mwaka 2017, na mwaka 2021 akapanda jukwaa la tuzo za MTV mjini Budapest pamoja na Maluma wa Kolombia. Lakini safari za vijana hao zote zilipita njia moja, ile barabara kuu itokayo Mbeya, ikapita Makambako na Mafinga, ikaiacha Iringa juu ya kilima chake, ikateremka Kitonga na kwenda hadi baharini. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Studio zilikuwa huko, vituo vya televisheni vilikuwa huko, na watu wa kamera walikuwa huko. Katika muongo wa kwanza wa karne hii jina la Adam Juma lilisomeka mwishoni mwa video nyingi za Bongo Fleva kiasi kwamba watazamaji walilijua kama walivyoyajua majina ya waimbaji. Msanii wa Mbeya aliyetaka kuonekana alipaswa kwanza kushuka mlima.

Mtayarishaji aliyebaki juu alijifunza kazi kwa mlango mwingine. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo, mbali na nyumbani, na karo yake si ya kila mtu. Skuli yake ilikuwa harusi. Aliazima kamera ya kanda kwa mjomba au kwa mwenye studio ya picha za pasipoti, akasimama tangu asubuhi kwa msusi hadi usiku ukumbini, akazipiga picha sendofu, kipaimara, mahafali na mazishi. Wanaoidharau kazi hiyo hawaijui. Harusi haina marudio. Pete ikishavikwa imevikwa, na mama wa bibi harusi akilia analia mara moja tu. Mpiga picha aliyelelewa na harusi hujifunza kubashiri: hulisoma bega kabla ya mkono kuinuka, huyasoma macho kabla ya chozi. Ujuzi huu haupatikani kwa kununua kamera ya bei kubwa.

Baada ya harusi ilikuja kwaya, na hapa ndipo Mbeya na Iringa zinapoachana na Dar es Salaam. Huko pwani video ya muziki imefungamana na msanii mmoja, gari la kuazima na nyumba ya mtu mwingine. Nyanda za juu, mteja wa kwanza wa mtayarishaji alikuwa kwaya ya usharika. Watu 40 waliochangishana shilingi kwa miezi, wakashona sare za rangi moja, wakaenda studio kurikodi sauti, sasa wanataka picha. Wanakodi lori au basi dogo kabla ya jua kuchomoza, wanapanda hadi penye maporomoko ya maji au ukingo wa shamba la chai, spika inafungwa kwenye betri ya gari, wimbo unapigwa, nao wanaimba kwa kuufuatisha huku miguu ikikanyaga umande. Mwalimu wa kwaya husimama pembeni akihesabu hatua. Nyuma ya kamera mtayarishaji naye anahesabu, lakini hesabu yake ni nyingine.

Wimbo wa dakika nne una sekunde 240. Ukizigawa kwa watu 40, kila mmoja anapata sekunde sita. Mgawo huo haufuatwi kamwe, maana yuko mwimbaji kiongozi, yuko mpiga kinanda, iko milima ambayo ndiyo iliyowaleta hapo. Lakini kila mmoja katika wale 40 ametoa mchango, na siku kanda itakapowekwa nyumbani kwake, watoto na majirani wakiwa wamekaa chini, atangoja kuuona uso wake. Asipouona hatasema neno kanisani; atasema nyumbani, na mwakani hatachangia. Mtayarishaji mwenye hekima hulijua jambo hili bila ya kuambiwa. Kabla ya kufunga kamera hupita safu kwa safu, akachukua nyuso moja moja, hata ya yule mzee wa sauti ya besi anayesimama nyuma kabisa na asiyejua kutabasamu. Zikifika mezani kwenye uhariri, nyuso hizo huzipachika katika kiitikio, pale wimbo unaporudia maneno na macho ya mtazamaji yana nafasi ya kutembea. Huo ni uadilifu wa fani, na hakuna kitabu kilichouandika.

Wasomaji wa mashairi wataielewa kazi ya uhariri kwa urahisi kuliko wengine, kwani nayo ina mizani na vina. Video ya mfumo uliozoeleka Afrika ya Mashariki huwa na picha 25 katika kila sekunde. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika huweka pigo moja katika kila picha 15. Kwaya ya mwendo wa taratibu, yenye mapigo 75, huweka pigo moja kila baada ya picha 20. Mhariri anayekata juu ya pigo hutia kina mwishoni mwa kipande. Anayekata picha mbili au tatu kabla ya pigo humfanya mtazamaji aegemee mbele bila ya kujua kwa nini. Anayekata ovyo amevunja mizani, na hata asiyejua hesabu atahisi kwamba kitu kimekwaruza. Wimbo mzima wa dakika nne ni picha 6,000. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita anayelalamika kwamba silabi moja imemnyima usingizi na afikirie elfu sita.

Tena kama ilivyo katika ushairi, mizani peke yake haileti shairi. Swali gumu zaidi ni la maana, na hapa mtayarishaji anakuwa mfasiri. Amepewa matini yenye lugha yake, yaani maneno na sauti, naye anatakiwa aihamishe kwenye lugha ya nuru. Wako wanaofasiri neno kwa neno. Mwimbaji akitaja mvua, mvua inanyesha; akitaja safari, basi linaondoka; akisema moyo wake umepasuka, kikombe kinaanguka sakafuni. Tafsiri ya namna hiyo haimwongezei msikilizaji chochote, na mara nyingine inamnyang'anya. Utenzi na taarabu vimeishi kwa fumbo. Msikilizaji mmoja husikia maji na akaelewa mapenzi, mwengine akaelewa siasa, wa tatu akaelewa maji. Picha ya kisima ikishaonyeshwa, wote watatu wamefungiwa ndani ya kisima hicho kimoja. Ndiyo maana mtayarishaji bora huwa na haya mbele ya maneno. Huyaacha yaseme yao, naye akatafuta jambo la kuyakabili: mwanamke anayepeta mahindi wakati mwimbaji analilia mapenzi, mtoto anayevuka barabara ya lami wakati kwaya inaimba habari za mbinguni. Fumbo linabaki fumbo, na macho yamepata chakula.

Nyanda za juu zina ukarimu wa hatari kwa mtu wa kamera. Mlima Rungwe una karibu mita 3,000. Ziwa Ngozi limejificha katika kreta yake. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu. Jirani na Iringa ziko nguzo za udongo za Isimila, mahali palipookotwa zana za mawe za watu wa kale kabisa, na juu ya mji liko jiwe la Gangilonga, ambalo Wahehe hulisimulia kwamba lilizungumza. Kwa mgeni kutoka Dar es Salaam vyote hivyo ni mandhari. Huja siku mbili, akamsimamisha msanii mbele ya mlima, akarudi. Mtayarishaji wa hapo anajua mambo mawili ambayo mgeni hayajui. La kwanza ni nuru: tangu Novemba hadi Mei mvua huamua ratiba, na ukungu wa Tukuyu au wa Mufindi unaweza kuufuta mlima mzima kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, Juni na Julai anga ni safi lakini pumzi ya mwimbaji inaonekana kama moshi na vidole vinakufa ganzi juu ya vitufe. La pili ni kwamba mlima una watu. Jiwe lina mwenye kulisimulia, ziwa lina miiko, shamba la chai lina wachumaji wanaolipwa kwa kilo na wasiopenda kusimamishwa kwa ajili ya wimbo wa mtu. Aliyezaliwa hapo huomba ruhusa kwa lugha ya hapo, na ruhusa hiyo huonekana ndani ya picha: watu wanaopita nyuma ya msanii hawana uso wa kukodiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya picha za kawaida iliyoweza pia kuchukua video ya kiwango cha juu, ile 5D Mark II, na mwaka uliofuata mkonga wa Seacom ulifika Dar es Salaam kutoka chini ya bahari. Mambo haya mawili yalibadilisha maisha ya watayarishaji wa mikoani kuliko hotuba yoyote. Kamera ikawa kitu ambacho vijana watatu wanaweza kuchangia, na video haikulazimika tena kupelekwa kwa basi kwenye kituo cha televisheni ndani ya bahasha. Ilipandishwa YouTube, hata kama kwa usiku mzima. Arusha ilimtoa Nisher, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na jina katika kazi hii bila ya kuhamia pwani. Mbeya na Iringa nazo zikajaa vyumba vidogo vyenye kompyuta moja, pazia jeusi dirishani, na kijana aliyejifundisha mwenyewe programu za uhariri kwa kutazama mafunzo ya watu wa nchi za mbali ambao Kiingereza chao alikielewa nusu. Nusu hiyo ilimtosha.

Lakini bei ilishuka pamoja na kamera. Zamani mwenye kamera alikuwa mmoja mjini. Sasa kila mtaa una wake, na msanii chipukizi huzunguka akitafuta bei ya kirafiki. Desturi ni kutoa nusu kabla na nusu baada. Nusu ya pili ina miguu mingi. Ndipo mtayarishaji anapolazimika kulinda jasho lake kwa njia ndogo ndogo: humwonyesha mteja kazi ikiwa na jina la studio limepita katikati ya picha kama kovu, na haliondoi mpaka alipwe. Wengine huona ni ukatili. Fundi cherehani naye haitoi suti kabla ya kulipwa, na hakuna amwitaye katili.

Jambo zito zaidi linakuja baada ya malipo. Mtayarishaji hulipwa mara moja. Video hukaa katika akaunti ya msanii au ya meneja wake, ikitazamwa mwaka hadi mwaka, na fedha ya matangazo, ikiwepo, huingia huko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitambua kazi za sauti na picha kuwa kazi zenye kulindwa, na COSOTA ilianza kazi mwaka 2001 kusimamia haki hizo. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Sheria hata hivyo haimsaidii mtu asiye na karatasi. Makubaliano mengi ya nyanda za juu hufanywa kwa simu, au kwa kupeana mikono nje ya studio, na siku video ikipata watazamaji milioni hakuna awezaye kuonyesha nani alikubaliana nini. Mtunga mashairi anajua maumivu ya kukuta beti zake zimeimbwa bila ya jina lake. Mtu wa kamera hukuta kazi yake imekatwa vipande na kupachikwa kwenye tangazo la sabuni, na anayemlalamikia humwuliza: wewe uliimba?

Swali hilo la dharau hugeuka pale mambo yanapoharibika. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake, na mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilizizuia nyimbo kadhaa redioni na kwenye televisheni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka huo ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni kujisajili na kulipia leseni. Wimbo unapofungiwa, picha zake hufungiwa nao. Mtayarishaji ambaye hakuandika hata neno moja hupoteza kazi yake yote, wala haimo katika mjadala. Kwenye faida hakuimba. Kwenye hasara anaonekana kana kwamba aliimba.

Baadhi yao, kwa sababu hizo, hushuka mlima mwishowe. Hapana wa kuwalaumu. Dar es Salaam ndiko kwenye kampuni zinazolipa, na mtu mwenye watoto hawezi kula mandhari. Wengine hurejea kwenye harusi, ambazo hulipa vizuri kuliko wasanii, na huufanya muziki kuwa kazi ya moyo siku za Jumapili. Wachache hubaki na kwaya zao. Hata kwaya zimebadilika. CD za video zilizouzwa mlangoni mwa kanisa na kwenye minada zilianza kufa kwa kunakiliwa. Mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi juu ya kazi za muziki na filamu, lakini haukupita muda simu ya mkononi ikaifanya CD yenyewe kuwa kitu cha zamani. Kwaya sasa huweka nyimbo zake mtandaoni bure, ikitumaini kualikwa kwenye mikutano na uzinduzi, na mchango wa kulipia picha umekuwa mgumu zaidi kuutetea mbele ya baraza la wazee.

Hapa ndipo lilipo jambo linalostahili kusemwa kwa sauti. Katika masanduku na rafu za vyumba vile vidogo vya Mbeya, Tukuyu, Mafinga na Iringa zimelala kanda za miaka ya 1990 na 2000, diski zenye mikwaruzo, na mashine za kuhifadhia data ambazo siku yoyote zitakataa kuwaka. Unyevu wa nyanda za juu ni adui wa kanda. Huota ukungu mweupe, na picha ikaondoka nao. Ndani yake mna watu. Mna safu za kwaya zilizosimama kwenye majani, na wengi katika safu hizo hawako tena duniani. Miaka ambayo ukimwi uliipiga mikoa hii kwa nguvu ni miaka ileile kamera za kanda zilipoanza kuzunguka kwenye sharika. Yule mzee wa besi aliyepata sekunde zake tatu katika kiitikio huenda hana picha nyingine yoyote inayotembea. Watoto wake hawatafuti wimbo; wanatafuta namna alivyokuwa akigeuza shingo. Anayeweza kuwarejeshea ni mtu mmoja tu, yule asiyelipwa nusu ya pili, kama bado hajaifuta kanda hiyo ili arikodi harusi nyingine juu yake.

Nchi iliyojuta kwa kukosa sura za pacha wa Tancut Almasi isingojee kujuta mara ya pili. Makumbusho ya Iringa Boma yamefunguliwa katika jengo la kale la Wajerumani, na vyuo vikuu viko katika miji yote miwili. Haingekuwa gharama kubwa kuwaita wenye studio, kunakili kanda zao, kuandika tarehe, mahali na majina, na kuwalipa kwa haki yao. Wenye kwaya nao wangeanza na jambo dogo: mkataba wa ukurasa mmoja, na jina la mtayarishaji lisomeke mwishoni kwa muda wa kutosha kusomeka. Washairi wa pwani hulitia jina la mtunzi katika ubeti wa mwisho, ili shairi likisafiri lisimpoteze aliyelituma. Mtayarishaji naye ametunga, kwa nuru badala ya wino, na kaditama yake ni haki yake.